Baba mdogo alifia vita vya Kagera. Nyumbani Tabora tuna simulizi tatu za kifo chake, ipi ya kweli?

#1 Mtoto wa Isevya (mleta uzi)
Habari zenu wadau.

Naandika kutoka Tabora mjini. Baba yangu mdogo, anayemfuata baba tumbo moja, alikuwa afisa wa JWTZ. Alienda vita vya Kagera hakurudi. Alikuwa na miaka 24. Mimi nimezaliwa 1985, sikumkuta, ila jina lake ndilo nililopewa, kwa hiyo nimekua naitwa "Afande" tangu sijui hata kufunga kamba za viatu.

Juzi tulikuwa na kikao cha familia, shangazi akafungua sanduku la chuma ambalo halifunguliwi ovyo. Mle ndani kuna picha moja ya studio, ana nyota moja begani, kofia kaishika mkononi. Kuna barua ya jeshi. Kuna medali. Na kuna kijiko, kile cha bati jepesi, mpini umekunwa herufi na namba kwa msumari. Hicho kijiko ndicho kitu pekee kilichorudi kutoka vitani, alikileta askari mwenzake.

Shida ni namna alivyokufa. Nyumbani kuna simulizi tatu.

Ya kwanza ni ya huyo aliyeleta kijiko, mwishoni mwa 1979. Alisema ilikuwa Lukaya, ndani ya Uganda, usiku, askari wamekimbia. Baba mdogo akarudi kwenye matete kuwatoa vijana wake waliobaki. Akamtoa wa kwanza, akamtoa wa pili. Aliporudi kumfuata wa tatu hakuonekana tena.

Ya pili ni ya dereva wa jeshi aliyekuwa akikaa Kanyenye. Yeye alisema jamaa hakufika hata hiyo Lukaya, gari lilipinduka mbele ya Mutukula, pale mpakani, akafa papo hapo na wengine wanne.

Ya tatu ni ya mgambo mmoja wa Urambo. Huyu alimwambia babu faraghani, na babu akaja kumwambia baba akiwa kitandani siku zake za mwisho: lilikuwa bomu la kwetu wenyewe.

Barua inasema tu "katika mapambano dhidi ya adui", tarehe 11 Machi 1979, na inamwita Luteni. Babu aliamini ya kwanza mpaka anaingia kaburini. Bibi hakuwahi kusema anaamini ipi.

Wajuvi wa vita hivi na wazee mliokuwepo, nisaidieni. Natanguliza shukrani.

#2 Ngoja Nikae
Nimeweka kambi hapa. Chai na mihogo tayari.

#3 Kalamu ya Mkaa
Pole kwa familia mkuu. Ila Lukaya si ilikuwa Aprili, wakati wanaingia Kampala? Tarehe ya barua inanipa mashaka.

#4 Reli ya Kati
@Kalamu ya Mkaa hapana. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979. Lukaya ilikuwa mwezi mzima kabla, 10 na 11 Machi. Wakuu, tuweke mambo kwenye mstari kwanza ndipo tubishane.

Nduli Idi Amin wa Uganda alivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, tarehe 1 Novemba akatangaza ardhi yote mpaka mto Kagera ni yake, halafu daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwalimu Nyerere akahutubia: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Novemba hiyo hiyo wakaanza kusukumwa, Operesheni Chakaza. Januari 1979 tukachukua Mutukula. Februari tarehe 24 Masaka, kesho yake Mbarara. Baada ya Masaka, kwenye barabara ya kwenda Kampala, ndiyo unaikuta Lukaya.

Pale ndipo Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin walipokutana na brigedi yetu ya 201. Brigedi ile ilikuwa imejaa mgambo waliofunzwa kwa haraka. Jioni ya tarehe 10 Walibya wakafyatua roketi za Katyusha. Makombora yenyewe yalipita juu, hayakuua watu wengi, ila mlio ule kwa mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa analima tumbaku! Wakakimbia. Ni kweli walikimbia, na si aibu kulisema. Usiku ule ule brigedi ya 208 ikazungushwa kwa upande wa kaskazini ikamkata adui kwa nyuma, asubuhi ya tarehe 11 wakambana pande mbili. Miili ya Walibya iliyohesabiwa baadaye ilikuwa kama 200.

Kwa hiyo tarehe ya barua na simulizi ya kwanza zinakubaliana kabisa: usiku, watu wamekimbia, tarehe 11. Mimi naenda na ya kwanza.

#5 Mgebuka Mkavu
Naam, Tabora leo mna ushujaa wa kuleta jukwaani, siyo asali ya kuchanganya na sukari guru tu. Pole sana ndugu yangu, utani pembeni. Nipo Kigoma mwisho wa reli, nafuatilia.

#6 Mtoto wa Isevya
@Mgebuka Mkavu nimepoa mkuu, siku ukipata asali halisi utatuheshimu.
@Reli ya Kati asante kwa mtiririko. Ila simulizi kukubaliana na tarehe kunatosha? Aliyeileta angeweza kujua tarehe akatunga iliyobaki.

#7 Fundi Baiskeli
Hapo sasa ndipo ninapotaka kuchokoza. Msinirushie mawe.

Mimi nimesikia simulizi za hii vita kwa wazee wasiopungua kumi, Nzega, Igunga mpaka Kahama. Hiyo ya "akamtoa wa kwanza, akamtoa wa pili, wa tatu akafa naye" nimeisikia mara nne, za watu wanne tofauti. Mmoja alikuwa sajini, mmoja afisa, mmoja mgambo wa Bukene, na mmoja eti alikuwa padri! Mara zote ni watatu. Jamani, ngano zote za bibi zetu mambo hutokea mara tatu. Sungura anajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ananaswa.

Sisemi baba mdogo hakuwa shujaa. Nasema huyo mleta kijiko alikuwa amekaa mbele ya baba na mama waliofiwa, amewekewa wali na kuku, watu wazima wanamtazama mdomoni. Wewe ungesema nini? Ungesema "gari lilipinduka"?

#8 BintiUrambo
@Fundi Baiskeli una ukweli wako lakini umeuweka vibaya. Simulizi kufanana siyo lazima ziwe za uongo. Kiongozi wa platuni ana watu thelathini na kitu. Wakitawanyika gizani kazi yake ni moja, kuwakusanya. Hawezi kufanya hivyo akiwa amelala handakini. Ndiyo maana vita vyovyote duniani hawa vijana wa nyota moja na mbili hufa kwa wingi kuliko mameja. Wapo wengi waliorudi na wapo wengi waliokufa wakirudi. Hesabu ya watatu sijui, labda ni ulimi wa msimuliaji, lakini kurudi kwenyewe naamini.

Kwetu ni hivi. Babu mzaa mama alikuwa mgambo, aliondoka Urambo kwenye lori lililochukuliwa kwa mfanyabiashara, na lori lenyewe halikurudi. Wakapelekwa Tabora stesheni, treni mpaka Mwanza, meli mpaka Bukoba. Hapo ndipo habari zake zinaishia. Hakuna barua, hakuna medali, hakuna kijiko. Bibi aliambiwa asubiri, akasubiri mpaka 2003. Mleta uzi, nyinyi mna simulizi tatu, sisi hatuna hata moja. Ukiona wivu humu ndani ujue ni wangu.

#9 Mtoto wa Isevya
@BintiUrambo dada yangu nimesoma mara mbili. Pole sana. Huyo mgambo wa simulizi ya tatu naye alikuwa wa Urambo, nitamuuliza baba kama anakumbuka kijiji. Huwezi jua, labda walipanda lori moja.

#10 Kalamu ya Mkaa
Hili la mgambo linanikumbusha swali langu la siku nyingi. Idadi ya waliokufa upande wetu inayotajwa sana ni 373. Lakini pale Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa, makaburi yanatajwa kuwa zaidi ya 600. Nani anajua kwa nini?

#11 Reli ya Kati
@Kalamu ya Mkaa maelezo ninayoyapa uzito ni kwamba 373 ni askari wa JWTZ waliosajiliwa. Jeshi lilianza vita likiwa halifiki watu 40,000, likapanda mpaka zaidi ya 150,000 ukichanganya mgambo, JKT, polisi na magereza. Hao wote hawakuwa kwenye daftari moja.

#12 Kidevu cha Mzee
Au waliokufa baada ya mapigano, mkuu. Vita vilifika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni 1979, lakini jeshi letu halikuondoka Uganda siku ile. Maradhi, ajali, mabomu ya kutegwa, hayo yote yaliendelea kuua.

#13 Fundi Baiskeli
Au mtu aliandika 373 jioni akaenda kulala, hakuna aliyehesabu tena. Tunajuana Watanzania.

#14 Mgebuka Mkavu
Kigoma tuna kisa cha afisa kijana pia, ila siyo wa kwetu, Mjerumani. Vita vya kwanza, ziwa Tanganyika lilikuwa lao. Waingereza wakaleta boti mbili ndogo kutoka Cape Town, zikapandishwa milimani kwa trekta za mvuke na ng'ombe, majina yao Mimi na Toutou (msicheke). Tarehe 26 Desemba 1915 boti ya Kijerumani inaitwa Kingani ikaenda kuchungulia upande wa Kongo. Nahodha wake luteni mmoja, Junge. Mizinga yake ilikuwa inapiga mbele tu, wenzake wakamjia ubavuni. Likaingia kombora pale pale alipokuwa amesimama. Basi. Boti wakaichukua wakaibadilisha jina wakaiita Fifi.

Ninachotaka kusema: huyo luteni jina lake lipo kwenye kila kitabu cha ziwa hili. Mle ndani kulikuwa na watu weusi pia. Nitajieni jina la mmoja tu.

#15 Ngoja Nikae
Si ndiyo hao hao Waingereza walioizamisha meli ya Liemba?

#16 Mgebuka Mkavu
@Ngoja Nikae aah, hapo umenigusa mboni. Liemba hakuizamisha Mwingereza. Ilikuwa inaitwa Graf von Götzen, Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma. Mashine waliipaka grisi kwanza ili isile kutu, maana walijua watarudi. Hawakurudi. Mwingereza ndiye aliyeiibua 1924, ikaanza kazi 1927 kwa jina la Liemba. Mimi mwenyewe nimelala juu ya magunia ya dagaa mle ndani kwenda Kasanga, kwa hiyo usiniletee.

#17 Kidevu cha Mzee
Uzi umeshafika ziwani. Turudini Lukaya tafadhali, watu tunasubiri simulizi ya tatu.

#18 Mzee wa Signo
Hodi humu ndani. Mjukuu amenisomea uzi wenu nikamwambia aniandikie, macho hayafai.

Mimi nilikuwa koplo, mtu wa signo, yaani mawasiliano ya redio, brigedi ya 208. Nilikuwepo usiku ule, lakini upande wa pili, kwenye ile zungusha aliyoitaja huyu kijana wa Reli. Nitasema nilichokiona, nisichokiona sikisemi.

Kwanza siyo matete. Ni mafunjo. Pale barabara inapita katikati ya tope, kushoto maji kulia maji, mafunjo yamekuzidi urefu. Mtu akitoka barabarani hatua kumi humuoni tena. Ukimwita anaitika ila hujui sauti inatoka wapi, tope linakula sauti. Sasa fikirieni watu mia kadhaa wameingia humo gizani, nusu yao wana miezi miwili tangu washike bunduki. Wengine waliacha silaha, wengine waliacha mpaka viatu, buti likizama kwenye tope unaliacha unakwenda pekupeku. Kuna waliotoka asubuhi wanatetemeka hawana hata risasi moja iliyowagusa. Wengine hawakutoka.

Pili, hiyo simulizi ya bomu letu wenyewe. Kijana, sikiliza. Sisi tulikuwa tunakuja kutoka kaskazini, 201 wanajipanga kusini, adui katikati, na alfajiri mizinga ikaanza. Kazi yangu ilikuwa redio. Redio moja ikifa, au ikilowa, upande huu haujui upande ule umesogea mita ngapi. Sisemi lilimwua. Nasema mtu akikuambia ilitokea usimwite mwongo, na akikuambia haikutokea muulize alikuwa wapi.

Tatu, ile ajali. Magari yalipinduka sana. Barabara za udongo, taa zimezimwa, dereva hajalala siku tatu. Nilizika watu wa ajali na nilizika watu wa risasi, wote tuliwafunika turubai lile lile.

#19 BintiUrambo
Mzee, shikamoo. Asante kwa kuandika.

#20 Mtoto wa Isevya
Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea baba kwa simu. Amenyamaza muda mrefu nikadhani mtandao umekata, halafu akasema "mwambie mzee hilo la mafunjo ni kweli". Kumbe yule aliyeleta kijiko alisema mafunjo, sisi Tabora ndio tulioanza kusema matete kwa sababu ndiyo tunayoyaona huku. Mimi nimekua na matete miaka yote hii.

#21 Fundi Baiskeli
Mzee shikamoo, heshima yako. Hapo kwenye mafunjo mimi napunguza ubishi wangu nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

#22 Reli ya Kati
Mzee wa Signo marahaba nyingi kwako maana shikamoo umeshachoka nazo. Swali: ni kweli Waganda walikuwa wanaita mizinga yetu "Saba Saba"?

#23 Mzee wa Signo
Marahaba wanangu. Ni kweli, raia wa kule walikuwa wakisikia mlio wanasema "Saba Saba imefika". Sisi tulikuwa hatujui, tukadhani wanasherehekea sikukuu ya TANU.

#24 Ngoja Nikae
😂😂😂 Mzee ameua.

#25 Kalamu ya Mkaa
Narudi kwenye nyota. Mleta uzi anasema picha ina nyota moja, maana yake luteni usu. Barua inasema Luteni, hiyo ni nyota mbili. Je, alipandishwa baada ya kufa? Kama ni hivyo, kuna mkubwa aliyeandika mapendekezo, na mapendekezo huwa na sababu. Jeshi halipandishi cheo mtu aliyepinduka na gari.

#26 Kidevu cha Mzee
@Kalamu ya Mkaa umekimbia mbio mkuu. Picha ni ya lini? Kama ni ya siku aliyomaliza chuo cha maafisa Monduli, na barua ni ya miaka miwili baadaye, alipanda kwa muda tu kama wenzake wote. Na mazungumzoni wote wanaitwa "luteni", karani akipiga taipu haweki "usu".

#27 Mtoto wa Isevya
Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio ya hapa mjini na mwaka 1977. Kwa hiyo Kidevu anaweza kuwa sahihi. Sijafurahi lakini anaweza kuwa sahihi.

#28 Nesi wa Kibondo
Jamani mimi nitoke kidogo. Mnabishana kama alikufa kwa risasi ya adui, kwa gari au kwa bomu letu, kana kwamba jibu likibadilika na ushujaa nao unabadilika. Kwangu haibadiliki.

Nimefanya kazi kwenye kambi za wakimbizi huku Kigoma. Wanyarwanda wa umri wangu wanamjua Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1994 pale Kigali hakuwa na bunduki, alikuwa mwangalizi tu. Alikuwa anapakia watu kwenye gari wachache wachache, anapita vizuizi vya wauaji kwa utani na sigara. Aliokoa mamia. Tarehe 31 Mei kombora likaanguka karibu na gari lake kizuizini akafa. Halikuwa limemlenga yeye. Leo medali ya juu ya ujasiri ya Umoja wa Mataifa ina jina lake, na wa kwanza kuipata baada yake alikuwa Mmalawi, Chancy Chitete, aliyeuawa huko Beni, Kongo, Novemba 2018 akimwokoa askari mwenzake. Mwenzake huyo alikuwa Mtanzania wetu.

Kwa hiyo kombora lililenga nani mimi siulizi. Nauliza alikuwa anafanya nini lilipoanguka.

#29 Fundi Baiskeli
@Nesi wa Kibondo hoja nzito dada, lakini ndilo swali lenyewe! Alikuwa anafanya nini? Kama alikuwa amelala nyuma ya lori bado ni marehemu wetu, tunamheshimu, ila simulizi ni nyingine. Usituhamishe.

#30 Nesi wa Kibondo
@Fundi Baiskeli aliyelala nyuma ya lori anakwenda vitani kwa hiari yake, akijua anakokwenda, na miaka 24. Wewe na miaka 24 ulikuwa wapi?

#31 Fundi Baiskeli
Nilikuwa naziba pancha. Yaishe.

#32 Mgebuka Mkavu
Kigoma tumeshinda moja bila.

#33 Kidevu cha Mzee
Mleta uzi, jambo la vitendo. Mlishawahi kwenda Kaboya? Kama amezikwa pale kuna kaburi lenye jina. Nenda tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, au nenda siku ya kawaida uongee na askari wa pale kwa utulivu.

#34 Mtoto wa Isevya
Babu alikwenda mara moja, 1982 au 1983. Alirudi akasema amemwona. Hakuna aliyemuuliza "umemwonaje", na yeye si mtu wa kuulizwa. Baba hajaenda, anasema akienda atakuta jina la mtu mwingine. Nadhani anaogopa zaidi kulikuta.

#35 Mzee wa Signo
Kijana, hicho kijiko. Umesema kina herufi na namba. Herufi gani?

Nakuuliza kwa sababu enzi zetu namba ya askari inaanza na MT. Ya afisa inaanza na P. Vijiko tulikuwa tunavikuna kwa sababu vilikuwa vinaibwa kuliko risasi. Mtu alikuwa radhi akuazime bunduki, siyo kijiko.

#36 Reli ya Kati
Mama yangu. Hapa sasa.

#37 Mtoto wa Isevya
Mzee sikumbuki, nilikishika kidogo tu. Kiko kwa shangazi kule Ng'ambo. Jioni nikifunga duka nakwenda.

#38 Ngoja Nikae
Sifungi simu leo.

#39 Kalamu ya Mkaa
Kabla hajarudi: hata kikiwa MT, inawezekana alianza kama kuruta ndipo akachaguliwa kozi ya uafisa. Kijiko akabaki nacho cha zamani.

#40 Kidevu cha Mzee
Au kijiko ni cha huyo aliyekileta. Alikuja msibani mikono mitupu, akaona aibu, akatoa alichokuwa nacho mfukoni.

#41 Fundi Baiskeli
@Kidevu cha Mzee hiyo ndiyo ya kwangu, umeniwahi. Ila naomba Mungu tuwe tumekosea wote wawili.

#42 Mtoto wa Isevya
Nimerudi.

Ni MT. Halafu namba, tarakimu mbili za mwisho zimefutika, naona tu mikwaruzo. Nimemuuliza baba kama mdogo wake alipita ukuruta. Amesema hapana, alitoka Tabora Boys kidato cha sita, JKT, kisha moja kwa moja Monduli.

#43 BintiUrambo
Kaka, naandika hili kwa woga. Huyo mwenzake alisema baba mdogo alirudi kwa wa tatu. Je, kama alimfikia? Kama kijiko kilikuwa cha yule wa tatu, na ndicho walichomkuta nacho mkononi au mfukoni?

#44 Nesi wa Kibondo
Hapo mwili umenisisimka.

#45 Fundi Baiskeli
Au mnaanza ngano ya nne. Samahani, lakini lazima mtu aliseme.

#46 Mtoto wa Isevya
Sijui, jamani. Nilipofika nimemkuta shangazi ameshakitoa sandukuni. Anasema ameona kinakaa bure, sasa anachotea asali ya kunywea uji. Anakiita "cha kaka". Sijamwambia kitu.

#47 Mgebuka Mkavu
Usimwambie.

#48 Kalamu ya Mkaa
Mwambie. Kuna familia nyingine mahali fulani haina hata kijiko, tumemsikia BintiUrambo hapo juu.

#49 Mzee wa Signo
Kijana, nitumie faraghani hizo tarakimu zinazosomeka. Usiziweke hapa. Nina wenzangu wawili watatu bado wako hai Musoma na Mwanza, na mmoja wao alikuwa karani wa 201.